Siku Tatu Njia Panda

Baba alizikwa Jumanne, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi walipoanza kumcheka. Siwezi kusema walimcheka kwa ubaya. Alikuwa mzee wa miaka tisini na ushee, amekula chumvi nyingi, ameona vitukuu, na msiba wa mtu wa namna hiyo kwetu Mungaa hauwi wa vilio vitupu. Wali ulikuwepo, nyama ilikuwepo, kuku walikimbizwa uani tangu alfajiri, na chini ya turubai watu walikuwa wamejiachia kwenye viti vya plastiki. Baba mdogo Yosefu, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, ndiye aliyepewa kipaza sauti asome wasifu. Alisoma mwaka wa kuzaliwa ambao hakuna aliye na hakika nao, akasoma watoto, akasoma ng'ombe, kisha akakunja karatasi na kuitia mfukoni. Hapo nikajua tumefika. Amefika hapo kwenye kila harusi ya ukoo wetu, kila ubatizo na kila Krismasi kwa zaidi ya miaka arobaini, lakini sikudhani angethubutu kufika hapo huku mashada ya maua yakiwa hayajanyauka.

"Sasa niwape kile kisa cha njia panda," alisema, na watu wakaanza kucheka kabla hajakianza. "Huyu Veronika wetu, huyu hapa, alipokuwa mwalimu kule upande wa Kintinku, alimwandikia baba yake barua. Kaka hakujua kusoma, kwa hiyo barua ilipitia kwangu, nikaileta, nikaisoma kama ilivyoandikwa. *Baba, shikamoo. Niko njia panda. Njoo haraka.* Basi tu! Jamani, kaka aliruka kutoka kwenye kigoda! 'Mtoto amefika! Yuko Njia Panda na mzigo wake, na ninyi mmekaa!' Akarukia baiskeli. Siku tatu! Siku tatu yuko pale. Kila basi likisimama anachungulia dirishani: 'Mna mwalimu humo? Mna mwalimu humo?'" Alipoigiza ile sauti ya baba, akiinua shingo na kuweka kiganja juu ya macho, watu walivunjika mbavu. Hata katekista alifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Jioni mjukuu mmoja alikuwa ameshaituma video kwenye kundi la familia, na wale walioko Dodoma na Dar es Salaam wanajibu kwa vile vikatuni vinavyotoa machozi ya kicheko. Chini yake ameandika: "Babu alikuwa noma." Niliizima simu nikaiweka chini ya mto.

Asiyejua kwetu nimweleze. Njia Panda yetu ni mahali. Ni pale barabara ya vumbi ya kuja Mungaa inapoachana na barabara kuu ya kwenda Singida mjini. Siku hizi pana vibanda vya chipsi na bodaboda wanaogombania abiria. Wakati ule palikuwa na kibanda kimoja cha chai na jiwe kubwa la kukalia. Watu wa rika la baba walijifunza Kiswahili ukubwani, pembeni ya Kinyaturu, cha kuwatosha mnadani na kwenye mikutano ya kijiji. Kwao njia panda ilikuwa hapo penye jiwe, na ukisema uko njia panda, basi uko hapo, umeshuka na mzigo wako, unangoja mtu mwenye baiskeli. Ile maana nyingine, ya mtu aliyewekewa mambo mawili mbele yake na yote mawili yanamchoma, haikuwahi kupita Mungaa. Mimi mwenyewe sikuwa naijua mpaka mwaka ule, na aliyenifundisha alinifundisha kwa kunitendea.

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na sita. Kila mwaka, darasa la tano, tulifika kwenye misemo, na kila mwaka niliandika ubaoni: *kuwa njia panda, yaani kushindwa kuamua lipi la kufuata.* Ndivyo vitabu vinavyotaka na ndivyo mtihani unavyouliza. Kisha nikiwa nimeshafuta chaki mikononi niliwauliza watoto: "Na hizo njia mbili nani amezichonga?" Walinitazama tu. Wakaguzi nao waliwahi kunitazama vivyo hivyo. Lakini hilo ndilo swali lenyewe, na msemo wetu unalificha. Unasikika kama vile njia zilikuwepo tangu enzi, Mungu amezichora, wewe umetembea kwa miguu yako mpaka ukafika, na sasa kazi yako ni kuchagua kulia au kushoto. Wasomi wana neno lao, mtanziko, na mimi nalipenda zaidi ingawa kijijini hakuna anayelitumia, kwa sababu nikilitamka nasikia tanzi ndani yake. Kwenye tanzi angalau mtu anakumbuka kuuliza kamba ameishika nani.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ulikuwa wakati wa UPE, serikali inataka kila mtoto aingie darasani na walimu hawatoshi, kwa hiyo sisi tuliomaliza darasa la saba na kufaulu vizuri tulichukuliwa tukafundishwe ualimu hukohuko vijijini. Asubuhi unafundisha, mchana unafundishwa na mkufunzi, na mwisho wake unapewa cheti. Mimi nilipangiwa shule moja ndogo, unashuka treni Kintinku halafu unatembea kama saa moja. Jina la kijiji nitaliacha. Mwalimu mkuu naye simtaji. Ameshakufa, ana wajukuu, na wajukuu hawana kosa. Tulikuwa walimu wanne. Nilipewa chumba katika nyumba ya mwalimu mkuu mwenyewe, chumba cha mwisho, kitanda cha kamba, dirisha la ubao, na msumari mmoja ukutani ambao ndio ulikuwa kabati langu. Ukuta wa kutenganisha chumba changu na sebule yao haukufika kwenye bati. Ulikomea juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na hapo katikati popo walipita na maneno nayo yalipita.

Nilikipenda kile chumba, nisiseme uongo. Nilikuwa mwalimu. Wazee wa Kigogo wenye fimbo na mgolole walinisalimia kwa heshima njiani, na watoto walinipokea daftari kabla sijafika mlangoni. Mke wa mwalimu mkuu, tuliyemwita Mama Mwalimu, alinipakulia ugali wa uwele na mlenda kwenye bakuli langu la peke yangu, na Jumapili akiwa amechinja, nilipewa paja. Mwalimu mkuu alikuwa na Kiswahili ambacho sijapata kukisikia tena mtaani, kimenyooka, kila neno limepigwa pasi. Alinirekebisha kwa upole. Nikisema "nilikuwa naenda" alisema "nilikuwa ninakwenda, mwalimu Veronika." Nilikuwa na kijidaftari naandika misemo yake ili nikirudi Mungaa niwatambie. Nilimwona yule mtu kuwa mlezi wangu.

Maji yalikuwa kisimani, mbali, na wanafunzi wa kike wa madarasa ya juu walichota kwa zamu kwa ajili ya nyumba za walimu. Hakuna aliyeona ajabu. Kila shule ilikuwa hivyo. Aliyepanga zamu ni mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na kwa sababu hiyohiyo mimi ndiye niliyeita majina ya darasa la saba na kuweka alama kwenye daftari la mahudhurio. Basi alikuwepo msichana mmoja, Nyemo, mwembamba, mwenye mwanya, anajua hesabu kuliko wavulana wote. Mwalimu mkuu aliniambia Nyemo awe anachota kwake siku tatu kwa wiki maana ndoo yake haimwagiki njiani. Nikaandika. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: Nyemo. Niliandika kwa wino wa bluu, nikapiga mstari kwa rula, nikabandika ukutani.

Wiki chache kabla ya mtihani wa darasa la saba, mchana wa Jumapili, nilikuwa chumbani kwangu na bakuli la ugali mapajani. Ng'ambo ya ukuta nikamsikia Mama Mwalimu anasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kulia: "Mtoto wa kuletwa kuchota maji! Ndani ya nyumba yangu! Na tumbo limeshaonekana, kina mama kisimani wananitazama mimi." Mwalimu mkuu alimwambia apunguze sauti. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi, kwamba jambo hilo lina utaratibu wake. Mtoto akiwa mtoro sugu anafutwa shule, na mtoto aliyefutwa shule hakuna anayemuuliza tumbo amelipatia wapi. "Vero ndiye mwenye daftari. Ataandika." Mama Mwalimu akauliza: "Na akikataa?" Nikasikia kijiko kinakwaruza sahani. "Hakatai. Ana pa kwenda? Ataandika na atatia sahihi." Nilikuwa nimekula chakula chao miezi minane, na nilikaa pale na tonge mkononi, nikisubiri Mama Mwalimu aseme neno. Alichosema ni kwamba nyama imebaki, Vero apelekewe.

Kesho yake aliniita ofisini. Ofisi ilinuka mafuta ya taa na chaki, na mezani palikuwa na daftari langu la mahudhurio na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema kwamba mimi, mwalimu mwenye kuita majina, nathibitisha kuwa mwanafunzi Nyemo hakuonekana shuleni kwa mwezi mzima na zaidi. Nyemo hakukosa hata siku moja. Alikuwepo asubuhi ileile, nilimsikia kupitia dirishani anawasomea wenzake jedwali la kuzidisha. "Mratibu wa elimu anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuchukua taarifa," alisema. "Ukitia sahihi, mkufunzi atapata sifa zako zote na cheti chako kipo. Usipotia, nami nitalazimika kueleza kwamba mwalimu Veronika hajui hata kutunza daftari, na utarudi kwenu ukapalilie alizeti. Sikulazimishi. Uko njia panda, mwalimu. Chagua mwenyewe." Lile neno "sikulazimishi" nimelichukia mpaka leo, mwanangu akilitamka nyumbani kwangu kwa mzaha namwambia atoke nje. Lakini siku ile, na hii ndiyo aibu yangu ya kwanza, kitu kilichonishangaza kabla ya yote kilikuwa ule msemo. *Uko njia panda.* Nilirudi chumbani nikauandika kwenye kijidaftari.

Sikuwa na mtu. Mkufunzi alikunywa chai na mwalimu mkuu kila siku. Wazazi wa Nyemo nilijua wanaishi wapi, dakika ishirini kwa mguu, na sikwenda, na sitalitafutia hilo sababu. Nilichotaka ni baba. Baba hakujua a wala be, lakini nilikuwa nimemwona mnadani akisimama mbele ya karani aliyetaka kumpunja jirani, akisema kwa Kiswahili chake cha maneno kumi, "Hii si sawa, hii si sawa, hii si sawa," mpaka karani akachoka. Nilitaka mtu wa kuja kusimama katika ile ofisi na kusema hivyo mara tatu. Barua zetu zilipitia kwa mwalimu mkuu, kwa hiyo nilimpa barua mama mmoja mfanyabiashara wa mtama aliyekuwa anapanda treni kwenda Manyoni. Yeye angempa kondakta wa basi, na kondakta angeifikisha Unyambwa, jirani na Singida mjini, kwa baba mdogo Yosefu, aliyekuwa karani na ndiye aliyekuwa anatusomea barua zetu zote. Niliogopa itafunguliwa njiani, nikaandika kifupi. Ningeweza kuandika "nina shida". Ningeweza kuandika "nimebanwa". Lakini nilikuwa mwalimu, nilikuwa nimepata msemo mpya, na nilitaka baba mdogo aone Kiswahili changu kimefika wapi. Niliandika: *Baba, shikamoo. Niko njia panda. Njoo haraka.*

Nikaanza kungoja. Jumatatu ile nyingine nilikwenda stesheni kupokea treni, nikisingizia nina ndugu anapita. Jumanne nilikwenda. Jumatano na Alhamisi nilikwenda pia, nimevaa viatu vya shule, nasimama mahali ambapo mtu mgeni angeniona kwanza, na abiria wakishuka natazama vichwa. Wauza mayai walianza kunitania, "Mwalimu, mchumba hajaja?" Ijumaa mratibu alifika kwa pikipiki, akanywa soda. Mwalimu mkuu alinisogezea karatasi na kalamu yake mwenyewe. Kama baba angekuwa ameingia mlangoni saa ile nisingetia sahihi. Hilo najua kama ninavyojua jina langu. Hakuingia. Nikaweka sahihi, na kwenye daftari, mbele ya jina la Nyemo, nikageuza zile alama za vyema thelathini kuwa sifuri kwa mkono wangu, moja moja. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Huwezi kujua kwamba pale palikuwa na alama nyingine.

Nyemo hakulia wala hakuuliza. Jumatatu yake alikuja na ndoo kama kawaida, kwa sababu zamu ilikuwa bado ukutani, na Mama Mwalimu akamwambia mlangoni kwamba hatakiwi tena. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na karatasi ya zamu. Nilisema, "Nenda nyumbani, Nyemo." Akaiweka ndoo chini, pale kizingitini, akaondoka. Niliibandua ile karatasi ukutani nikaandika nyingine, na siku ya Jumatatu nikaweka jina la msichana mwingine, maana maji yalitakiwa kuchotwa.

Miezi mitatu iliyobaki nilimchukia baba. Nilimchukia kwa bidii, nikiwa nafundisha, nikiwa nakula. Nilijiambia amepata barua akaona shamba ni muhimu kuliko mimi. Desemba shule ilipofungwa nilirudi Mungaa nimenuna, nikashuka pale Njia Panda, na mwenye kibanda cha chai akapiga makofi: "Mwalimu! Leo ndiyo umekuja? Baba yako ametumaliza hapa!" Ndipo nilipoelezwa. Kwamba alifika Jumatatu alfajiri na baiskeli na kibuyu cha maziwa mgando alichofungasha mama kwa ajili yangu. Kwamba mchana alikataa kuingia kibandani kukwepa jua kwa sababu ukiwa ndani huoni mabasi yanayotoka Manyoni. Kwamba jioni alilala palepale nje, ameegemea lile jiwe, kamba ya baiskeli ameifunga mguuni, na kwamba Jumanne kibuyu kilipochacha alimwagia mbwa, akamtuma mtu Mungaa alete kingine. Jumatano jioni ndipo alipoondoka, akamwachia mwenye kibanda maagizo: mwalimu wake akishuka, apewe chai, asitembee na mzigo peke yake, na yeye baba aletewe habari.

Nyumbani tulikaa jikoni kuzunguka sufuria. Baba mdogo alikuwa amekuja kwa sikukuu, na yeye ndiye aliyeanza. "Mna mwalimu humo?" akasema, na wote wakaangua kicheko, mama, shangazi, wadogo zangu. Nikamweleza baba kwa Kinyaturu kwamba njia panda niliyoiandika haikuwa ile, kwamba ni msemo tu wa Kiswahili, maana yake mtu ana mambo mawili yanamsumbua. Alinisikiliza amekunja uso. "Kwa hiyo ulikuwa na shida?" aliuliza. Wote walikuwa wananitazama, bado wana vicheko midomoni, na cheti changu kilikuwa njiani. Nikasema, "Hapana, baba. Kidogo tu. Imekwisha." Akatikisa kichwa, akacheka naye, cheko la mtu anayeomba radhi kwa ujinga wake. Na mimi nikacheka. Watu wakifanya hesabu ya waliomcheka baba, wasinisahau.

Nilimwona Nyemo mara moja tu, miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakuwa mwalimu mkuu upande wa Iramba. Treni ilisimama Kintinku nikafungua dirisha. Alikuwa na beseni la mayai ya kuchemsha kichwani na ule mwanya wake uleule. Tulitazamana, na nikajua amenijua. Ningestahili kutukanwa, ningestahili kutemewa mate. Alishusha beseni kwanza, kwa adabu, kisha akasema, "Shikamoo, mwalimu." Sikuwa na uso wa kuitikia. Treni ilipoondoka nilikuwa bado nimeshika dirisha, na abiria mwenzangu akaniuliza kama nimechukua mayai ya watu bila kulipa.

Kwa hiyo msibani, baba mdogo alipokuwa na kipaza sauti, nilikuwa nimejiandaa kumeza kile kisa kama nilivyokimeza miaka yote. Kilichonikwama kilikuwa maneno matatu aliyoyapitia haraka: *nikaisoma kama ilivyoandikwa.* Baba mdogo hakuwahi kusoma barua kama ilivyoandikwa. Nimekua nikimwona. Angesoma mstari wa Kiswahili, angenyanyua macho, angeugeuza kwa Kinyaturu, tena kwa madoido, akitia chumvi, mpaka baba aelewe kila kitu pamoja na visivyokuwemo. Barua ya kuomba mbegu, barua ya ugonjwa, barua ya kanisa, zote alizigeuza. Na yeye alikuwa karani, mtu wa mjini, wa kusikiliza redio na kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Usiku ule sikulala, nikiigeuza hiyo barua moja ambayo hakuigeuza.

Asubuhi nilimkuta sebuleni peke yake, ana kikombe cha chai ya maziwa na viazi vitamu kwenye sahani. Ana miaka themanini na sita. Kwetu hata hasira huanza na salamu. Nilipiga goti nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, pole na msiba, nikasema asante, tumeshapoa. Nikakaa kwenye mkeka, nikamuuliza: "Baba, ile barua yangu. Ulipoisoma, ulijua maana ya njia panda?"

Alidhani tunaendelea na mzaha. "Ah, kaka na baiskeli yake!"

"Wewe, baba. Sikuulizi yeye. Wewe ulijua?"

Aliweka kikombe chini. Nje kina mama walikuwa wanaosha masufuria kwa mchanga. "Nilijua," alisema. "Nilijua una jambo huko, na nilijua kaka akienda atakurudisha nyumbani. Unamjua alivyokuwa. Na wewe ulikuwa mwalimu wa kwanza katika ukoo huu, Veronika. Tulikuwa tumeshajisifu kila mahali. Nilijisemea, msichana ana akili, atamaliza mwenyewe. Kaka aliporuka vile nikaona basi, aende akangoje pale, atachoka atarudi. Halafu watu wakacheka, nami nikacheka." Alinitazama kwa macho ya uzee, yenye maji. "Usinihukumu, mwanangu. Kumwambia ni vibaya, kutomwambia ni vibaya. Na mimi nilikuwa njia panda."

Miaka arobaini na zaidi amesimulia jinsi kaka yake alivyokosa kuelewa Kiswahili. Mwalimu mkuu alikielewa. Mkufunzi alikielewa, mratibu alikielewa, karani wa Unyambwa alikielewa vizuri kabisa, na mimi nilikielewa kiasi cha kuandika sifuri thelathini bila kuchafua ukurasa. Niliinuka kwenye mkeka. Sikupandisha sauti, kwa kuwa kaburi lilikuwa palepale nje ya dirisha.

"Hapana, baba," nilimwambia. "Wewe ulikuwa Unyambwa, nyumbani kwako. Mimi nilikuwa ofisini na kalamu mkononi. Njia panda alikuwepo baba peke yake. Siku tatu."